Uzi: Ziwa Victoria limekuwa kijani, sangara wanaelea. "Uchafu" gani? Maneno na vipimo vyake kwa sisi wa Mwanza

#1 Kigoto

Wakuu, salaam. Kijani kikitanda ufukweni, au sangara wakionekana matumbo juu, mitandao inajaa sentensi moja: ziwa limechafuliwa. Limechafuliwa na nini? Kinyesi ni uchafu, mbolea ni uchafu, zebaki ni uchafu, udongo wa korongo nao ni uchafu, na kila kimoja kina kipimo chake na dawa yake. Ukipima kisichohusika unapewa majibu safi kabisa huku samaki wanaendelea kufa. Naweka msingi hapa, wenye ujuzi muongezee.

Kwanza ziwa lenyewe. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800, lakini kina cha wastani ni mita 40 tu na penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Ni pana, ila ni bapa. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na karibu kiasi hichohicho kinaondoka kwa mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja kule Uganda, unapoanzia Mto Nile. Sasa mvuke haubebi fosforasi. Maji yanapaa, rutuba inabaki. Kinachoingia kwa Mto Mirongo leo msidhani wiki ijayo kitakuwa Misri.

Virutubisho ni hasa naitrojeni na fosforasi. Vinatoka kwenye kinyesi, sabuni, mbolea, udongo unaomomonyoka mashambani, na watu wengi husahau hili: vumbi na moshi wa kuchoma mashamba na misitu, vinavyoshuka na mvua. Kwa Ziwa Victoria hiyo njia ya angani inachangia sehemu kubwa ya fosforasi, kwa hiyo kulaumu viwanda peke yake hakutoshi.

Planktoni mimea ni mwani mdogo unaoelea na kuishi kwa mwanga. Planktoni wanyama ni vijidudu vinavyoula. Dagaa anakula hivyo vijidudu, sangara anakula dagaa, furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa) na uduvi mdogo wa ziwani. Benthosi ni viumbe wa chini kwenye tope: konokono, minyoo, lava wa wale wadudu wanaopaa kama moshi juu ya ziwa. Zamani furu wengi walikuwa wanakula mwani na mabaki ya chini. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wakawa wameporomoka. Kwa hiyo mwani ulipozidishiwa chakula, walaji wake nao walikuwa wamepungua.

Kurutubika kupita kiasi ni hali ya mwani kulishwa kuliko mfumo unavyoweza kumeza. Vipimo vinavyotumika sana kimataifa kwa ziwa lenye rutuba nyingi, kwa wastani wa mwaka, ni hivi: fosforasi jumla mikrogramu 35 hadi 100 kwa lita, klorofili a (rangi ya kijani ya mwani) mikrogramu 8 hadi 25 kwa lita, na sahani ya Secchi, inayopima uangavu wa maji, kupotea machoni kati ya mita 1.5 na 3. Zaidi ya hapo tunasema imepindukia.

Sahani yenyewe mtu yeyote anaweza kuitengeneza: duara la sentimita 20, robo mbili nyeusi na robo mbili nyeupe, uzito chini, kamba iliyowekwa alama kila sentimita 10. Shusha upande wa kivuli wa mtumbwi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Andika kina inapopotea, ivute hadi ionekane tena, andika, kisha chukua wastani. Usivae miwani ya jua. Na baada ya mvua kubwa usiseme ni mwani, huo ni udongo: maji ya kahawia na maji ya kijani yanaweza kutoa Secchi ileile.

---

#2 Bwiru Juu

Asante mkuu Kigoto. Nachukua upande wa oksijeni, maana hapo ndipo samaki hufa.

Oksijeni iliyoyeyuka inapimwa kwa miligramu kwa lita. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 kwenye usawa wa bahari yanashika hadi kama 8.3. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa huo, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji hayohayo yanashika kama 7.2 basi. Kifaa kisichorekebishwa kwa mwinuko wa Mwanza kitakusomea asilimia za uongo. Samaki wengi wanataka 5 na kuendelea. Sangara ni mlafi wa oksijeni, sato anavumilia zaidi, kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, na kamongo ana mapafu kabisa.

Kosa linalorudiwa sana ni kupima saa sita mchana. Mwani mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta. Kwenye maji ya kijani unaweza kupata 10 saa tisa alasiri na 2 alfajiri, palepale. Ripoti yenye kipimo cha mchana peke yake haina habari yoyote ya kifo cha samaki. Pima kabla jua halijachomoza.

Halafu kuna matabaka. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili au Mei, maji ya juu yanakuwa ya moto na mepesi, yanakaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika. Mwani uliokufa unazama, bakteria wanauoza, oksijeni ya chini inakwisha na hakuna njia ya kuijaza. Kwenye ziwa la wazi, chini ya mita 40 hadi 50, unaweza kukuta hakuna kitu. Juni hadi Agosti kusi inavuma, mvuke unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanazama, ziwa zima linachanganyika. Ghuba ya Mwanza ni ya kina kifupi, huko matabaka yanajengeka mchana na mara nyingi upepo unayavunja siku hiyohiyo.

Kuna mambo mawili hapo. Upepo mkali ukisukuma maji ya juu upande mmoja, yale ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda upande wa pili, na sangara waliokuwa hapo wamekwisha. La pili ni baya zaidi kwa muda mrefu: tope la chini lina chuma kilichoshika fosforasi, na oksijeni ikiisha chuma kinaiachia. Hata tukifunga mabomba yote leo, tope litaendelea kulisha mwani kwa miaka. Anayeahidi ziwa safi baada ya mradi wa miaka mitatu anauza maneno.

---

#3 Mama Dagaa

Kaka zangu, somo zuri. Ila sisi wa mwaloni tunaona samaki wanakufa karibu na mifereji, si katikati ya ziwa. Nyie mnasema upepo na matabaka. Mtu wa kawaida atajuaje kama ni oksijeni au ni sumu imemwagwa? Maana ukisema "ni hali ya asili" mwenye bomba anafurahi sana.

---

#4 Kayenze

Dada, hilo ndilo swali lenyewe, na majibu yanaanza kupotea ndani ya saa chache, kwa hiyo yashike palepale.

Ikiwa ni oksijeni: wanakufa usiku wa manane hadi alfajiri. Wakubwa wanatangulia, kwa sababu wanahitaji oksijeni nyingi na hawawezi kujibana kwenye maji machache ya juu. Kabla ya kufa, sato wanaonekana juu kabisa wakipiga midomo. Waliokufa wana midomo wazi na mashavu yamefunuka. Sangara wengi, kambale na kamongo hakuna.

Ikiwa ni sumu: saa yoyote, hata mchana kweupe. Wadogo hufa kwanza au wote kwa pamoja, na kambale yumo. Samaki wanazungukazunguka, wanaruka, wanapinda mgongo. Na ukichota maji kwenye chupa angavu ukaitazama mbele ya jua, vile vijidudu vinavyorukaruka havipo, vimekufa navyo. Hiyo ya vijidudu naiamini kuliko zote, kwa sababu vingi havihitaji oksijeni nyingi kama sangara.

Ila usimwachie huru mwenye bomba. Majitaka yasiyo na sumu hata tone yanaua kwa kumaliza oksijeni. Damu na mafuta ya samaki kutoka sehemu ya kuchakata, pombe, maziwa, kinyesi, vyote vinaua bila kuwa sumu.

Halafu kuna amonia, ipo katikati ya hayo mawili. Kwenye maji ina sura mbili, na ile isiyo na chaji ndiyo inayochoma mashavu. Kwa nyuzi 25, pH (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa 7 sehemu hiyo ni kama asilimia 0.6 ya amonia yote. pH ikiwa 9 inafika kama asilimia 36. Mwani ukishamiri unavuta kaboni dioksidi na kupandisha pH alasiri hadi 9 na zaidi. Kwa hiyo mfereji uleule wenye amonia ileile asubuhi haumdhuru samaki, saa tisa alasiri unaua. Anayepima amonia bila kupima pH na joto kwa wakati huohuo amepoteza kemikali bure.

---

#5 Maabara Mwz

Naingia kwenye namba, maana BOD inatajwa sana na wachache wanajua inavyopatikana. Ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wanatumia kuozesha uchafu kwa siku 5, nyuzi 20, gizani. Kiwango cha Tanzania kwa majitaka yanayotolewa kwenye mazingira ni BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayotumika uchafu ukiunguzwa kwa kemikali badala ya bakteria) 60, na chembe zinazoelea 100.

Oksijeni kwa njia ya Winkler, isiyotegemea betri. Chupa ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo. Ijaze kwa mpira mwembamba unaofika chini, iache ifurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, pasiwe na kiputo hata kimoja. Weka mililita 1 ya manganizi salfeti, kisha mililita 1 ya mchanganyiko wa alkali, iodaidi na azaidi, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji. Ziba, pindua mara kadhaa. Mashapo ya kahawia maana yake oksijeni ipo. Yakiwa meupe, hakuna. Yakishuka nusu pindua tena, yakishuka weka mililita 1 ya asidi salfuriki kali, pindua hadi yayeyuke yawe ya njano ya dhahabu. Hapo unaweza kuitunza gizani saa kadhaa ukarudi nayo mjini. Chukua mililita 201, tone kwa tone weka thaiosalfeti ya molari 0.025 hadi njano ipauke, weka wanga, itageuka buluu, endelea hadi buluu ipotee. Kila mililita 1 uliyotumia ni miligramu 1 kwa lita. Buluu ikirudi baada ya dakika chache usiongeze, ni hewa hiyo.

BOD: majitaka huwezi kuyapima mazima, oksijeni itaisha kabla ya siku ya tano. Mfano, mililita 10 za sampuli ndani ya chupa ya 300 ni sehemu 0.0333. Siku ya kwanza 7.6, siku ya tano 3.8. Tofauti 3.8 gawanya kwa 0.0333, unapata 114. Hiyo ni karibu mara nne ya kiwango. Majibu ni halali tu kama kimetumika angalau miligramu 2 na kimebaki angalau 1. Andaa chupa tatu zenye viwango tofauti, moja itakuokoa.

Ujanja wa mjini ni huu: mtu anamwaga klorini kwenye chemba asubuhi ya ukaguzi. Bakteria wanakufa, BOD inasoma 8, kila mtu anapongezwa. Pima klorini iliyobaki kwanza, iondoe, kisha pandikiza bakteria wapya. Na daima linganisha na COD, inayotumia daikromati kwa nyuzi 150, saa 2 tu, bila bakteria. Majitaka ya majumbani COD huwa kama mara mbili ya BOD. Ukikuta COD 400 na BOD 8, ama kuna kitu kimewaua bakteria ama ni kemikali isiyooza. Vyovyote vile hayo si maji safi.

Huna maabara? Tafuta kipima upitishaji umeme cha mfukoni. Maji ya ziwa la wazi husoma karibu mikrosiemensi 100 kwa sentimita, majitaka mara nyingi mia kadhaa hadi zaidi ya 1,000. Tembea na mtumbwi kando ya ufukwe ukiandika kila mita 20. Namba ikiruka ghafla, bomba liko hapo hata kama limefunikwa na matete.

---

#6 Mama Dagaa

Hiyo ya kipima umeme nimeipenda. Na vizimba vya kufugia samaki je? Kila kona sasa ni vizimba vya sato, na wenye vizimba ndio wanaolalamika kufiwa.

---

#7 Luchelele

Wanalalamika na wanachangia, dada. Hesabu ni nyepesi. Tani 1 ya sato kwa chakula kilo 1.5 kwa kila kilo ya samaki inataka chakula kilo 1,500. Chakula chenye fosforasi asilimia 1.2 kina kilo 18. Samaki mwenyewe anaondoka na kama kilo 8 mwilini. Kilo 10 zinabaki ziwani, kama kinyesi na chakula kilichozama. Mfugaji anayemwaga chakula bila kuangalia akafikia kilo 2 kwa kilo, anaacha kilo 16 kwa fedha yake mwenyewe.

Sasa linganisheni na magugu maji. Tani 10 mbichi ni kama asilimia 95 maji, kinabaki kilo 500 za ukavu, fosforasi kama asilimia 0.4, sawa na kilo 2. Maana yake watu wanavuta tani 50 za magugu kwa mikono ili kurudisha kilichoachwa na tani moja ya samaki. Kuvuta magugu ni kazi ya kufungua njia za mitumbwi, si ya kupunguza rutuba. Na mkiyavuta msiyalundike ufukweni, yataoza na ule mchuzi utarudi ziwani mvua ya kwanza. Yapelekwe juu, mbali na pale maji yanapofika.

Mahali pa kizimba: pabaki angalau mita 3 kati ya chini ya wavu na tope, pawe na mkondo, pasiwe ndani kabisa ya kighuba kilichojificha. Watu wanapenda vighuba kwa sababu hakuna mawimbi, lakini kukosa mawimbi ndiko kukosa oksijeni. Alfajiri pima ndani ya kizimba, si nje. Chini ya 3 usilishe asubuhi hiyo, maana samaki akisaga chakula anavuta oksijeni zaidi. Nyavu zenye mwani zisuguliwe, zikiziba maji hayapiti.

---

#8 Kigoto

Kwenye magugu niongeze kidogo. Magugu maji ya kawaida yanadhibitiwa na wadudu wa Neochetina, aina mbili, ndio walioletwa wakati wa mlipuko wa miaka ya 1990. Wanakula polepole, matokeo ni miaka, na ukinyunyizia dawa au ukivuta yote unawaua na wao. Sasa kuna Salvinia pia, lenye vijani vidogo vyenye manyoya. Neochetina hawaligusi. Lina mdudu wake, Cyrtobagous salviniae. Msisafirishe nyavu zenye vipande vyake kutoka mwalo hadi mwalo, kipande kimoja chenye jicho kinaota.

---

#9 Kayenze

Rekebisho dogo kwenye ule mwani, maana nimeona wengi wanauita wote kwa jina moja. Kijani kinachotanda kama rangi iliyomwagika mara nyingi si mwani wa kweli, ni sianobakteria. Kwa Ghuba ya Mwanza mtakutana sana na Microcystis na Dolichospermum. Dolichospermum anajitengenezea naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo fosforasi ikiwepo yeye hana shida. Microcystis hawezi, anataka naitrojeni iliyokwishayeyuka. Maji yenye kinyesi kingi yanampa yote mawili.

Baadhi yao wanatengeneza maikrosistini, sumu ya ini. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi! Kuchemsha kunapasua seli na kuiachia majini. Klorini ikiwekwa kabla ya kuchuja inafanya hivyohivyo. Utaratibu ni kutoa seli zikiwa nzima: chota mbali na utando, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa (hakitoi zote lakini kinapunguza), tulia na shabu kama unayo, mimina ya juu, ndipo uchemshe au utie klorini kwa ajili ya vimelea. Utando ukiwa mzito, tafuteni maji ya bomba au ya kisima. Ng'ombe na mbwa wasinywe pale.

Kichocho ni hesabu nyingine. Kinaletwa na lava wanaotoka kwa konokono wa Biomphalaria, wanaopenda majani ya pembeni. Maji yaliyochotwa na kukaa siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono, lava wamekufa. Kwa kuoga hiyo inatosha, kwa kunywa haitoshi, bakteria bado wamo.

---

#10 Bwiru Juu

Zebaki nitaipita haraka kwa sababu inatisha watu kuliko namba zake. Inatoka hasa kwenye uchenjuaji wa dhahabu. Bakteria kwenye tope lisilo na oksijeni wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hupanda kutoka mdudu hadi dagaa hadi sangara mkubwa. Huko ndiko kulimbikizana kwenye mnyororo wa chakula. Vipimo vingi vilivyochapishwa vya samaki wa ziwa letu vimekuwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Hatari ya moja kwa moja ni ya yule anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki jikoni kwake na kuvuta moshi. Sangara wa kilo 3 si tatizo lako.

Kwa upande wa sheria, Mama Dagaa: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Anayetiririsha majitaka anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Ukiona bomba, ulizia kibali kwanza, kina viwango na mahali pa kuchukulia sampuli.

---

#11 Mama Dagaa

Nimewaelewa. Kikundi chetu cha mwalo kinataka kuchukua sampuli za mfereji mmoja, tuzipeleke maabara. Chupa za maji ya dukani zinafaa?

---

#12 Maabara Mwz

Kwa fosforasi hapana, hasa mkiziosha na sabuni. Sabuni yenyewe inaweza kuwa na fosforasi. Chupa zioshwe kwa asidi haidrokloriki asilimia 10, zisuuzwe na maji yaliyotoneshwa, na pale mferejini zisuuzwe mara tatu kwa maji yenyewe kabla ya kujaza. Ya bakteria ni kinyume: chupa iliyochemshwa kwa mvuke wa presha, haisuuzwi, haijazwi hadi juu, na haishikwi mdomoni. Kama maji yana klorini, iwe na thaiosalfeti ndani. Barafu mara moja, nyuzi 4, maabara ndani ya saa 6. Zikichelewa hadi kesho msizipeleke, chukueni upya. Ya klorofili funikeni kwa karatasi ya aluminiamu, mwanga unaiharibu.

Vituo viwe vitatu: mita 50 juu ya mfereji unapoingia, pale unapoingia, na mita 50 chini yake kwa uelekeo wa mkondo wa siku hiyo. Bila kile cha juu mwenye bomba atasema uchafu ulikuwepo. Chukueni saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, siku ya kazi na Jumapili. Mwandike saa, joto, pH, upepo unatoka wapi, na mvua ya mwisho ilinyesha lini, kwenye chupa yenyewe kwa peni isiyofutika, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.